Pua Shahidi, Pua Mlalamikaji

Vitabu vya mafunzo ya udaktari vya mwanzoni mwa karne ya 20 vilimtaka daktari wa magonjwa ya ubongo awe na vichupa vichache karibu yake: cha mafuta ya karafuu, cha peremende, cha kahawa au kafuri, na mara nyingine cha mvuje, ule ule ambao wazee wa pwani humfungia mtoto mchanga kumkinga na husuda. Utaratibu ulikuwa mwepesi. Mgonjwa hufumba macho, hubana tundu moja la pua kwa kidole, na kichupa husogezwa chini ya tundu la pili. Huulizwa kama anasikia chochote, na kama anakijua ni nini. Kisha upande mwingine. Amonia haikutakiwa, kwa kuwa ukali wake huchoma neva nyingine ya usoni na kumfanya hata asiyesikia harufu kabisa arudishe kichwa nyuma. Daktari mjanja aliiweka akiba kwa anayeshukiwa kujisingizia ugonjwa: aliyekana hata amonia alijulikana kuwa anadanganya. Sehemu kubwa ya karafuu za dunia wakati huo ilitoka Unguja na Pemba, kwa hiyo yaelekea kabisa kwamba zao la Waswahili lilikuwa likipima pua za wagonjwa wa London na New York, bila mchumaji wala mgonjwa kujua habari za mwenzake.

Desturi hiyo ya vichupa ilishamiri kwa takriban miaka 90, tangu miaka ya 1880 hadi ya 1970, na historia yake inaeleza kwa nini hadi leo mtu mwenye saratani akisema kwamba harufu za vitu zimembadilikia hupata jibu fupi. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba udaktari uliipokea pua kama shahidi, ukaikataa kama mlalamikaji. Shahidi huitwa kwa faida ya kesi: anaulizwa alichoona, anashukuriwa, anarudi kwake. Mlalamikaji ana shida yake mwenyewe anayotaka isikilizwe. Kwa muda wote ambao pua iliweza kumwonyesha daktari uvimbe ulipo ndani ya fuvu, maneno yake yaliandikwa kwa makini. Ilipopatikana mashine ya kuonyesha jambo hilo vizuri zaidi, pua iliachwa, na malalamiko ya wagonjwa yakabaki bila wa kuyapokea.

Kabla ya vichupa, pua ilikuwa na sifa mbaya mbele ya wasomi wa Ulaya. Immanuel Kant, katika kitabu cha 1798, aliihesabu kuwa hisi isiyo na shukrani, ambayo mtu anaweza kuishi bila kuijali. Charles Darwin aliandika mwaka 1871 kwamba inamfaa binadamu kidogo mno. Paul Broca, bingwa wa ubongo wa Paris, aliwagawa wanyama katika wanaoishi kwa kunusa na wasioishi kwa kunusa, akamweka binadamu kundi la pili, kwa sababu sehemu ya mbele ya ubongo wake imekua huku ile ya kunusia ikionekana ndogo kando yake. Mwaka 2017, mtafiti wa Marekani John McGann alieleza katika jarida la Science kwamba hukumu hiyo haikutokana na kuwajaribu watu wananusa kiasi gani. Ilitokana na kulinganisha ukubwa wa viungo, na kutoka hapo ikarithiwa kitabu hadi kitabu. Dharau ilitangulia kipimo. Ndiyo maana inashangaza kwamba katika karne hiyo hiyo ya Broca, pua ilianza kuitwa kutoa ushahidi katika kesi nzito kuliko zote za udaktari.

Katikati ya miaka ya 1880, Francesco Durante wa Roma alimpasua mwanamke wa miaka 35 ambaye jicho lake moja lilikuwa limesukumwa nje ya mahali pake, kumbukumbu zimepungua, na uwezo wa kunusa umepotea. Durante aliutoa uvimbe uliokuwa umekaa chini ya sehemu ya mbele ya ubongo, juu kabisa ya ule mfupa wenye vitundu ambamo nyuzi za kunusia hupanda kutoka puani. Mgonjwa alipona, na taarifa ikachapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1887. Katika kesi hiyo upotevu wa harufu ulikuwa dalili moja kati ya nyingi. Uzito wake hasa ulionekana London, kwa John Hughlings Jackson, daktari aliyekuwa na subira isiyo ya kawaida ya kusikiliza mambo ambayo wengine waliyaita upuuzi. Mwaka 1889, yeye na Charles Beevor walieleza habari za mpishi, mwanamke wa miaka 53, aliyeshikwa na vipindi vifupi vya ajabu: mikono inatetemeka, anamwona mwanamke mdogo mweusi akihangaika na mapishi, na uvundo mbaya unamjia, wa kitu kichafu kinachoungua, ambao hakuweza kuueleza sawasawa. Chumbani hapakuwa na kitu kinachoungua. Alipofariki, uchunguzi wa maiti ulionyesha uvimbe katika ubongo wa pembeni upande wa kulia, eneo ambalo David Ferrier, kwa majaribio ya nyani, alikuwa amelitaja kuwa ndiko ubongo unakopokea harufu.

Mwanamke aliyekaa jikoni maisha yake yote, anayesema anaona mpishi asiyekuwepo na kunusa moshi usiokuwepo, alikuwa na kila sifa ya kuambiwa ana wazimu. Jackson hakumwambia hivyo. Aliyachukua maneno yake kama yalivyo na kuyauliza yanatoka sehemu gani ya ubongo. Kwake uvundo ulikuwa kifafa kidogo kinachoanzia penye harufu, na mwaka 1899, pamoja na James Purves Stewart, alieleza mgonjwa mwingine wa aina hiyo. Hata hivyo, tukisoma kwa makini, tunaona kwamba kumbukumbu hizi zinajali zaidi ramani kuliko mtu. Tunajua uvimbe ulipokuwa. Hatuambiwi mpishi yule aliendeleaje na kazi yake na uvundo huo, alikula nini, wala kama aliweza kuonja chakula cha waajiri wake. Ushahidi ulichukuliwa wote, malalamiko hayakuandikwa. Silaumu, kwa wengi uvimbe wa ubongo haukuwa na tiba, na kujua mahali ulipo ndiyo ilikuwa hatua ya kwanza ya kuutibu. Lakini mgawanyo wa kazi kati ya daktari na pua ulianzia hapo.

Kizazi kilichofuata kiliugeuza ushahidi huo kuwa kanuni. Robert Foster Kennedy, mzaliwa wa Belfast aliyehamia New York, alichapisha mwaka 1911 maelezo ya wagonjwa sita wenye uvimbe au jipu chini ya sehemu ya mbele ya ubongo: jicho la upande wa ugonjwa linanyauka neva yake, jicho la pili linavimba kwa nyuma kutokana na shinikizo, na pua ya upande wa ugonjwa inakufa harufu. Harvey Cushing, baba wa upasuaji wa ubongo Marekani, alitoa mhadhara mjini Glasgow mwaka 1927 mahususi juu ya uvimbe unaoota katika mfereji wa neva za kunusia. Jambo moja walilolitegemea madaktari hawa bado linafaa kujulikana. Njia ya harufu, tofauti na njia nyingi za fahamu, haivuki kwenda upande wa pili kabla ya kufika kwenye ubongo, kwa hiyo uvimbe wa kushoto huua tundu la kushoto. Lakini kwa kuwa mtu hunusa kwa matundu yote mawili, lililo zima humfichia lililokufa, na uvimbe unaweza kufikia ukubwa wa chungwa kabla mwenyewe hajajua kwamba amepoteza chochote. Hapo ndipo kidole kinachobana tundu moja na kichupa cha karafuu kiliweza kusema jambo ambalo mgonjwa mwenyewe asingeweza kulisema.

Msomaji makini atapinga kwamba uvimbe wa aina aliyoushughulikia Cushing, ule wa utando wa ubongo, kwa kawaida si saratani, na kwamba ninachanganya mambo. Pingamizi ni la haki kwa daktari wa leo mwenye hadubini na picha. Kwa daktari wa 1911, aliyesimama nje ya fuvu, hapakuwa na njia ya kutenganisha uvimbe mpole na mkali hadi kisu kiingie, na pua haikubagua: ilidhurika na kitu chochote kinachoikandamiza. Isitoshe, kuna saratani inayoota katika tishu ya kunusia yenyewe, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza Ufaransa mwaka 1924 na Berger na Luc, na dalili zake za mwanzo, yaani pua kuziba upande mmoja, kutoka damu na kupoteza harufu, ndizo zinazopuuzwa kwa urahisi kuliko zote, kwa kuwa kila mtu amewahi kuwa na mafua.

Udhaifu mkubwa wa kichupa ulikuwa kwamba hakikutoa namba. Mholanzi Hendrik Zwaardemaker alikuwa amebuni kifaa cha kupimia harufu tangu 1888, lakini kilibaki maabara. Aliyejaribu kukipeleka kipimo wodini alikuwa Charles Elsberg, daktari wa upasuaji wa New York, mwaka 1935. Alitumia chupa yenye kahawa au sitrali, kemikali yenye harufu ya ndimu. Mgonjwa alizuia pumzi huku hewa yenye harufu ikisukumwa puani kwa bomba la sindano, na daktari akahesabu ni mililita ngapi zinahitajika kabla mgonjwa hajaitambua. Kisha alipima muda ambao pua inachoka baada ya kunusa mfululizo. Alidai kwamba uvimbe unaokandamiza neva kutoka nje huongeza kiasi cha hewa kinachohitajika, na ule ulio ndani ya ubongo wenyewe hurefusha uchovu. Ilikuwa ndoto nzuri: kuutafuta uvimbe kwa kahawa. Watafiti waliomfuata walionyesha kwamba nguvu ya hewa inayosukumwa ilikuwa ikichanganyika na harufu, hata haikujulikana vizuri pua inajibu kipi kati ya hivyo viwili. Njia ya Elsberg ilififia. Kosa lilikuwa la pampu, lakini sifa mbaya iliiangukia pua.

Miaka miwili baadaye, pua iliyojulikana zaidi Marekani ilitoa ushahidi wake. Februari 1937, mtunzi wa muziki George Gershwin alikuwa akipiga piano na okestra ya Los Angeles alipopotewa kwa sekunde chache na kuruka sehemu ya muziki alioutunga mwenyewe; alisema alisikia harufu ya mpira unaoungua. Harufu hiyo ilimrudia miezi iliyofuata, pamoja na maumivu makali ya kichwa na kizunguzungu. Makala za kitabibu zilizoandikwa baadaye kumhusu zinataja kwamba uchunguzi wa Juni haukukuta hitilafu kubwa, ila tundu la kulia la pua lilionekana kupungukiwa na harufu. Alilazwa, akakataa kuchomwa sindano ya uti wa mgongo kwa hofu ya maumivu, na akaruhusiwa kwenda nyumbani ikidhaniwa kwamba tatizo ni la kihisia. Marafiki walimshauri kupumzika. Tarehe 9 Julai alizimia. Ndipo uvimbe ukapatikana katika ubongo wa pembeni, upande wa kulia, na tarehe 11 Julai alifariki akiwa na miaka 38. Karibu miaka 50 ilikuwa imepita tangu mpishi wa Jackson.

Si haki kuitumia kesi hii kama wengi wanavyoitumia, kana kwamba daktari mmoja angeiamini harufu ile, Gershwin angezeeka. Uvimbe wake unaelezwa na wengi kuwa wa aina kali ya saratani ya ubongo, ambayo hata leo huua wengi ndani ya miaka miwili. Upasuaji wa Februari usingebadilisha mwisho kwa kiasi kikubwa. Pia ni kweli kwamba harufu za uongo huwapata watu wengi wasio na uvimbe wowote: wenye kipandauso, wenye sinusi, waliotoka kuugua mafua. Kupoteza harufu ndiko kusikoaminika zaidi, maana uzee pekee unatosha kukuleta. Mtu anayetaka kugundua saratani kwa kuwapima watu wote pua atapoteza muda wa wagonjwa na wa hospitali. Haya yote nayakubali. Kinachobaki baada ya kuyakubali ni kwamba ushahidi dhaifu hupimwa pamoja na mwingine, na kwa Gershwin ushahidi ulikuwa umelundikana: harufu ile ile inayorudi kwa vipindi, kupotewa kwa sekunde, kichwa, tundu moja. Kanuni ya kuunganisha mambo hayo ilikuwa imechapishwa tangu 1889. Iliyokosekana ni imani kwamba mtu anayesema ananusa kisichokuwepo anaweza kuwa anasema kweli kuhusu mwili wake, hasa akiwa msanii, mtu ambaye jamii imeshamzoea kuwa na mashaka ya moyo.

Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley, London, mashine ya Godfrey Hounsfield ilipiga kwa mara ya kwanza picha ya vipande vya ubongo wa mgonjwa aliye hai, na uvimbe ukaonekana. Hakuna mwenye akili timamu anayetaka kuibadilisha mashine hiyo kwa kichupa cha karafuu. Lakini iliondoa sababu pekee iliyowafanya madaktari waiulize pua. Kati ya neva 12 za fuvu, ya kwanza kwa namba ni ya kunusa. Na bado katika mafaili ya hospitali nyingi duniani daktari huandika kwamba neva ya 2 hadi ya 12 ziko sawa, akianza kuhesabu kwenye macho. Si siri wala aibu, ni mazoea. Wanaoyatetea husema mashine ipo, ya nini kuuliza? Hawakumbuki kwamba mashine haijiwashi. Lazima kwanza mtu ashuku, na katika nchi kama Tanzania na Kenya, ambako hospitali nyingi ndogo hazina mashine hiyo na picha moja inaweza kuwa safari na mkopo, anayeamua nani apelekwe anahitaji kila alama anayoweza kuipata bure.

Mashine hiyo ilianza kutumika wakati ule ule ambao pua za wagonjwa wa saratani zilianza kulalamika kwa wingi kuliko wakati wowote, na sababu ilikuwa tiba. Dawa za kemikali zinazotiwa kwenye dripu huua seli zinazogawanyika haraka, ndiyo maana nywele hudondoka na mdomo hutoka vidonda. Katika miaka ya 1970 ilithibitishwa kwamba seli za kunusia, ingawa ni neva, hufa na kuzaliwa upya maisha yote, jambo lisilo la kawaida kwa neva. Basi nazo zimo njiani mwa dawa. Wagonjwa walisema nyama inanuka, kahawa inachefua, kitunguu kikikaangwa chumba cha pili kinawatoa nje, manukato ya mgeni hayavumiliki. Wengine walisema hawasikii kitu. William DeWys wa Rochester, Marekani, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kulichukulia jambo hili kwa uzito, na utafiti wake wa 1975 uliwaonyesha wagonjwa wanaochukia nyama kuwa na ulimi mwepesi mno kuhisi uchungu. Tuangalie alichopima: utamu, chumvi, uchachu, uchungu. Alipima ulimi. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha hupanda kutoka nyuma ya koo hadi puani, lakini ulimi wakati huo ulihesabiwa kuwa na sifa nne na pua haikuwa na hesabu kama hiyo, kwa hiyo malalamiko ya pua yalipelekwa kwa ulimi. Mwaka 1978 Ilene Bernstein wa Seattle aliwapa watoto aiskrimu yenye ladha ngeni kabla ya dawa zinazochafua tumbo. Wiki kadhaa baadaye watoto hao waliikataa kuliko wenzao walioila bila dawa hizo. Hapo palionekana wazi kwamba chuki ya chakula kwa mgonjwa si deko. Tiba inaifundisha.

Pingamizi la mwisho ndilo linalosemwa zaidi, tena na watu wema: mgonjwa anapigania uhai, harufu ya pilau ni jambo dogo, na baada ya dawa kuisha wengi hurudiwa na pua zao. Sehemu ya pili kwa kawaida ni kweli. Ya kwanza inasahau kwamba mtu wa saratani hukonda, na anayekonda huvumilia dawa vibaya, na wa kwanza kujua kwa nini sahani imerudi jikoni ni yeye mwenyewe. Ndugu wakidhani anaringa, wataendelea kupika kile kile kwa upendo zaidi na viungo zaidi. Wala haiwezekani tena kusema kwamba pua haipimiki. Richard Doty wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alitoa mwaka 1984 kipimo cha harufu 40 za kukwangua na kunusa, kilichoenea duniani. Kina kasoro ya kuzaliwa Marekani, maana mtu wa Mombasa ataitambua karafuu na nazi, kisha atakwama kwenye soda ya mizizi na tango la siki la wenyewe. Lakini hilo hurekebishwa, na katika nchi kadhaa limerekebishwa.

Mwaka 2020, wakati wa korona, mamilioni ya watu waliandika kwenye simu zao kwamba hawasikii harufu, na mwezi Mei serikali ya Uingereza ikaiingiza dalili hiyo katika orodha rasmi, kwa msingi wa maneno ya wagonjwa. Lakini ilikuwa tena ni ushahidi: pua ilikuwa ikimtambulisha mwenye virusi. Katika saratani, chombo kinachotumiwa zaidi kuwauliza wagonjwa hali zao katika tafiti za Ulaya ni hojaji ya maswali 30 iliyochapishwa mwaka 1993. Inauliza juu ya usingizi, hamu ya kula, kichefuchefu, choo, pesa, hata kama mtu anapata shida ya kuwa makini akisoma gazeti au akitazama televisheni. Harufu haimo. Imo katika nyongeza ya wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo, ambako pua iko karibu na uvimbe. Nyongeza ya saratani ya matiti, ambayo wagonjwa wake wengi hupita kwenye dripu zile zile, inamuuliza mwanamke kama chakula na vinywaji vimekuwa na ladha tofauti na kawaida.